Paka Mwenyeji na Watoto wa Mbwa Waliohamia: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Katika maeneo ya Mwanza ambayo bado yanajengwa, kama Buswelu, Nyamhongolo na kuelekea Kisesa, familia inayohamia kwenye nyumba yake hutafuta mbwa wa ulinzi hata kabla ya uzio kukamilika. Aghalabu huletwa watoto wawili wa tumbo moja, wakiwa ndani ya boksi, na kuachiwa uani jioni ileile. Ndani ya nyumba hiyo tayari yupo paka, aliyeletwa miaka kadhaa nyuma kwa ajili ya panya wanaofuata mpunga na dagaa stooni, naye amezoea kwamba uani, ukutani na jikoni ni kwake. Wiki moja baadaye malalamiko huwa yaleyale: paka hashuki darini, paka anakojoa kitandani, watoto wa mbwa wanamkimbiza hadi kwa jirani, mmoja wao amechanwa jicho.

Husemwa kwamba paka na mbwa huzaliwa na uadui. Mimi nafuga wote wawili hapa Nyegezi, na majirani wameniita mara nyingi kutazama ugomvi wa aina hii. Chuki nimeiona kwa nadra sana, lakini nyumba ambayo paka hana njia ya kupita bila kukutana na mbwa nimeiona karibu kila mara. Kwa sababu hiyo, katika dalili nyingi zilizoelezwa hapa chini swali la kwanza litakuwa lilelile: paka huyu, akitaka kutoka anapolala kwenda anapokula na anapojisaidia, anapita wapi?

Kabla ya kulaumu tabia, hakikisha afya

Mtoto wa mbwa aletwe nyumbani akiwa amefikisha wiki nane. Aliyetenganishwa na mama yake mapema hajafunzwa na nduguze kupunguza nguvu ya meno, na upungufu huo utaonekana kwenye mkia wa paka. Chanjo za awali huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi kufikia takribani wiki ya 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, na paka naye anapaswa kuipata, jambo ambalo wengi hulisahau kwa sababu ya jina la ugonjwa wenyewe. Dawa ya minyoo wapewe wote, kwa kuwa viroboto wanaohama kutoka manyoya ya mmoja hadi ya mwenzake hubeba pia aina mojawapo ya tegu.

Mnyama aliyebadilika ghafla, anayeuma bila kuchokozwa, anayetokwa na mate mengi au anayeshindwa kumeza, asidhaniwe kuwa ana wivu na wageni. Mfungie bila kumshika na umwite bwana mifugo. Mtu yeyote aliyeumwa au kuparuzwa na mnyama huyo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kuona hali ya mnyama itakavyokuwa.

Dalili: paka amejificha na hataki kushuka

Kujificha kwa siku mbili au tatu ni jambo la kawaida na halihitaji tiba. Methali humpa mgeni jembe siku ya tatu, lakini hapa anayehitaji muda ni mwenyeji, na muda wake huhesabiwa kwa wiki, wakati mwingine kwa miezi. Kinachopaswa kukutia wasiwasi si kujificha kwenyewe bali njaa. Paka asiyekula kwa siku mbili mfululizo, hasa aliyenenepa, huweza kupata maradhi ya ini kutokana na mafuta ya mwili yanayokimbilia huko, na maradhi hayo huua. Kwa hiyo, usikisie kama anakula. Hakikisha kwa macho yako.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikisia. Nyuma ya nyumba yangu kuna jiwe kubwa, kama yalivyo mawe ya vilima vyote vya mji huu, na paka wangu, jike la rangi ya majivu, alipanda juu yake jioni nilipoleta watoto wawili wa mbwa. Niliweka bakuli lake chini ya jiwe, mahali alipokuwa akila siku zote, na asubuhi nikalikuta tupu. Siku ya pili niliamka alfajiri nikakaa dirishani. Mtoto mweusi wa mbwa alikuwa akililamba bakuli huku akilisukuma kwa pua mpaka likagonga ukuta, na juu ya jiwe paka alikuwa amekunja miguu yote minne chini ya mwili, masikio yake yakifuata kila mkwaruzo wa bakuli kwenye saruji. Alikuwa hajala tangu alipopanda. Nilipandisha kisahani chenye sato wa kuchemshwa kwenye ukingo wa jiwe, usawa wa kifua changu, naye alianza kula kabla sijaondoa mkono.

Chanzo katika hali kama hiyo ni njia iliyokatika, na tiba yake ni kuiunganisha kwa juu. Ndani ya nyumba, panga vitu vifuatane kwa namna ambayo paka anaweza kutoka juu ya kabati hadi juu ya friji, kisha kwenye rafu, kisha dirishani, bila kugusa sakafu. Dirisha lenye nondo ni msaada mkubwa: ukikata sehemu ndogo ya wavu wa mbu kwenye kona ya juu na kuifunika kwa kipande cha kitambaa kizito kinachoning'inia, paka hupita kati ya nondo, na mtoto wa mbwa hafiki. Tenga pia chumba kimoja ambacho mbwa hawaingii kamwe. Ikiwa nyumba ni ya chumba na sebule, kipande cha wavu wa kuku kilichopigiliwa kwenye fremu ya mbao na kusimamishwa mlangoni kinatosha, mradi kiache upenyo wa paka kupita kwa juu.

Chakula kikishaliwa huko juu kwa utulivu, kishushe kidogokidogo. Mimi nilikishusha kiasi kidogo tu kila baada ya siku mbili, na wiki mbili na nusu zilipita kabla kisahani hakijafika kwenye kizingiti cha dirisha.

Wakati huohuo, fanya kazi ya harufu, ambayo watu wengi huiruka ilhali ndiyo rahisi kuliko zote. Chukua kanga kuukuu, ikate vipande viwili, pangusia kimoja mashavu na shingo ya paka, na kingine migongo ya watoto wa mbwa. Weka kipande chenye harufu ya mbwa karibu na kisahani cha paka, na cha paka mahali wanapolala mbwa, ukivibadilisha kila siku. Paka anayekinusa kisha akaendelea kula ameshapiga hatua kubwa kuliko yule aliyelazimishwa kukaa sebuleni na mbwa kwa saa nzima.

Usimshushe kwa nguvu. Paka aliyebebwa mikononi hadi mbele ya mbwa hana pa kukimbilia isipokuwa kwenye uso wa aliyembeba.

Dalili: watoto wa mbwa wanamkimbiza

Hii ndiyo inayoletwa mara nyingi zaidi, na hapa inabidi kutofautisha mambo mawili yanayofanana kwa mbali. Mtoto wa mbwa anayetaka mchezo huinamisha kifua na miguu ya mbele, huinua makalio, hutikisa mkia na kubweka kwa sauti nyembamba; hurukaruka bila mpango, hukosea, huanguka. Anayewinda huwa kimya. Mwili wake hushuka na kukaza, macho hayapepesi, hatua huwa chache na zilizopimwa. Wa kwanza anahitaji mafunzo. Wa pili anahitaji kamba na uzio tangu leo, na nitamrudia hapo mbele.

Sehemu kubwa ya kukimbizana kwa mchezo husababishwa na lugha mbili zisizotafsirika. Mkia wa mbwa ukiyumba kwa ulegevu, mara nyingi ana furaha. Mkia wa paka ukipiga huku na huku, subira yake inakaribia kwisha. Mbwa mdogo akilala chali mbele ya mwenzake anaomba amani. Paka akilala chali mbele ya mbwa ameandaa kucha za miguu yote minne. Mtoto wa mbwa huona mwaliko mahali ambapo paka ametoa onyo la mwisho, na paka anapokata tamaa na kukimbia, kukimbia kwenyewe kunakuwa mchezo mtamu kuliko wote.

Ukishalielewa hilo, tafuta kinachouchochea mchezo huo katika nyumba yako. Chanzo kimoja ni wingi: watoto wawili wa mbwa huchocheana, na yule ambaye peke yake angechoka baada ya hatua tatu hufuata kwa sababu ndugu yake ameshatangulia. Chanzo kingine, ambacho husahaulika kabisa, ni kukosa usingizi. Mtoto wa mbwa huhitaji kulala takribani saa 18 kwa siku, na katika nyumba yenye watoto wa shule anaamshwa, anabebwa na kuchezewa tangu mchana, hivyo ifikapo saa kumi na mbili jioni hujiendesha kama mtoto mchanga aliyepitiliza muda wa kulala. Wenye nyumba huniambia kwamba mbwa wao hupandwa na wazimu wakati wa magharibi. Nikiuliza alilala lini, jibu huwa halipo. Mtengee banda au kona yenye kivuli, iliyozungushiwa kitu, ambako watoto hawaruhusiwi kumgusa, na umlaze humo mara kadhaa mchana.

Mafunzo yenyewe hayahitaji vifaa vya gharama. Mfunge mtoto mmoja wa mbwa kwa kamba ya mita mbili kwenye mkanda wa shingoni, mwache mwenzake ndani ya banda, na ukae naye mahali ambapo paka anaonekana lakini yuko mbali na yuko juu. Uwe na kiganja cha dagaa wakavu, waliopepetwa na kusuuzwa mchanga. Kila mara mbwa anapomtazama paka kisha akageuza macho kwako, mpe dagaa mmoja papo hapo. Asipogeuka, usivute kamba wala kupiga kelele, bali rudi naye nyuma hatua chache hadi mahali ambapo anaweza kukusikia. Kelele za binadamu humpa mbwa mdogo hisia kwamba na wewe umeingia kwenye mbio. Dakika tano hadi kumi zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku, na paka naye apate chakula chake kizuri wakati huohuo na si wakati mwingine, ili aone kwamba mbwa akija, na kitoweo huja.

Sogea karibu pale tu paka anapokula bila kusitasita. Paka akiacha chakula, mmeharakisha. Baada ya wiki kadhaa mwache mbwa akiburuta kamba yake sebuleni huku ukimwangalia, ili uweze kuikanyaga kwa mguu kabla mbio hazijaanza. Kamba iondolewe siku ambayo paka anaweza kukimbia mbele yake, si kutembea tu, naye akabaki amelala.

Sasa kuhusu yule anayewinda kimya. Ikiwa mbwa hukaza macho kwa paka na haitiki hata ukimwonyesha chakula, au amewahi kumkamata paka shingoni au mgongoni na kumtikisa, usiendelee na zoezi hili peke yako. Watenganishwe kwa ukuta au mlango, zamu kwa zamu, na ikiwa mbwa bado ni mdogo, mtafutie nyumba isiyo na paka. Nimeshuhudia watu wakingoja wazoeane, na sitaki kueleza kwa kirefu tulichokikuta asubuhi.

Dalili: paka anawafokea au kuwapiga makofi

Kufoka, kutunisha manyoya, kulaza masikio na kupiga kofi lenye kucha zilizofichwa ni mazungumzo, na mazungumzo hayo yana faida. Usimkaripie paka anapofoka, kwani aliyekatazwa kuonya huishia kuchana bila onyo. Mpe nafasi, na mara nyingi mtoto wa mbwa atajifunza kutoka kwake ndani ya siku chache kile ambacho wewe ungekifundisha kwa mwezi.

Lakini linda macho ya mbwa wadogo. Mtoto wa mbwa ambaye hajafikisha wiki kumi hadi kumi na mbili bado hajakomaa kufumba macho kwa haraka kitu kinapomjia usoni, ndiyo maana ukucha wa paka humpata kirahisi kwenye kioo cha jicho. Akifumba jicho moja, akitokwa na machozi upande mmoja au akijisugua kwa mguu, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na asitiwe dawa ya macho iliyobaki nyumbani kutoka kwa mtu. Kumkata paka ncha za kucha kila baada ya wiki mbili hupunguza hatari. Kumkata akiwa na hasira hakupunguzi chochote.

Ikiwa paka ndiye anayewafuata na kuwashambulia hata wanapolala, chunguza kama ana maumivu, kama ana watoto aliowaficha stooni, au kama alishtushwa na kitu kingine, kwa mfano paka dume wa mtaani anayepita ukutani usiku. Hasira ya paka humwangukia aliye karibu, na aliye karibu ni mbwa.

Dalili: paka anakojoa kitandani au nje ya beseni la mchanga

Anza na ugonjwa. Paka dume anayekwenda kwenye beseni mara kwa mara, anachuchumaa na kulia bila mkojo kutoka, ana dharura ya saa chache. Njia yake ya mkojo huenda imeziba, na wasiwasi wa wageni ni mojawapo ya mambo yanayoamsha maradhi hayo. Hilo si la kusubiri kesho.

Ikiwa mkojo unatoka vizuri lakini mahali pabaya, rudi kwenye swali la njia. Kwa kawaida beseni limewekwa kwenye korido au uani, na mtoto wa mbwa analingojea, si kwa ubaya, bali kwa sababu kinyesi cha paka humvutia kwa harufu ya protini na hukila. Lihamishie nyuma ya kizuizi chenye upenyo ambao mbwa hawapiti, liwe na pande mbili za kutokea, na uongeze beseni la pili mbali na la kwanza. Mchanga wa ziwani ni mzuri ukikaushwa vizuri juani. Maranda ya mbao pia hufaa. Zoa uchafu kila siku.

Dalili: ugomvi kwenye chakula

Hapa pasichukue muda wako mwingi. Paka ale juu, mbwa wale chini, na masahani yaondolewe wakimaliza. Paka asiachwe aishi kwa ugali wa mbwa na mchuzi, kwa sababu mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kinachotoka kwenye nyama na samaki, na akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika.

Dalili: paka anatetemeka au kutokwa na mate baada ya mbwa kuogeshwa

Dalili hii haitokani na ugomvi, lakini naiweka kwa sababu imeua paka wengi ambao wenye nyumba waliamini wamekufa kwa mshtuko. Dawa nyingi za kupe na viroboto zinazonunuliwa kwenye maduka ya mifugo, pamoja na zile za kuogeshea ng'ombe ambazo watu huzipima kwa kizibo na kuwaogeshea mbwa, zina permetrini au saipametrini. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo kama lifanyavyo la mbwa, na si lazima apakwe yeye: kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa, au kumlamba, kunaweza kutosha. Amitrazi, dawa nyingine ya kupe, nayo si ya paka. Tena kadiri walivyopatana ndivyo hatari inavyokua, kwa kuwa wanaopatana hulambana.

Paka akianza kutikisika masikio, kutetemeka misuli, kutembea akiyumba au kudegedega, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa dawa, mkaushe, mzuie asijilambe, usimtapishe wala kumnywesha maziwa, na umkimbize kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa. Kwa siku zijazo, mweleze muuzaji kwamba nyumbani kuna paka, chagua dawa inayomfaa kila mmoja, na uwatenganishe siku tatu kila mbwa wanapopakwa dawa ya namna hiyo.

Dalili: walishapatana, kisha mambo yakaharibika

Kati ya miezi sita na tisa, mtoto wa mbwa aliyekuwa sawa na paka kwa uzito huwa amemzidi mara nne au zaidi, na mchezo uleule wa kumkanyaga mgongoni unaumiza. Katika umri huohuo mbwa huanza kujaribu mamlaka ya kila mtu, na katika nyumba zetu huu pia ndio wakati anapoanza kufunguliwa usiku kwa ajili ya ulinzi. Paka anayerudi kutoka kuwinda saa tisa usiku anakutana gizani na mbwa aliyefundishwa kukimbilia kila kinachosogea ukutani. Watu wanasema mbwa amemgeuka paka. Kwa kweli hakumtambua.

Rudisha kamba kwa wiki mbili tatu na urudie zoezi la dagaa kana kwamba wamekutana jana. Mwingize paka ndani kabla ya mbwa kufunguliwa, na umpe chakula chake kikubwa cha siku saa hiyo, ili aje mwenyewe bila kutafutwa. Njia yake ya dirishani ibaki wazi. Kuhasi mbwa dume kutapunguza kuzurura, lakini tamaa ya kukimbiza haiondoki kwa upasuaji, na asikudanganye mtu.

Utajua kwamba shida imeisha paka atakapoanza kula huku amewapa mbwa mgongo, na mbwa watakapopita kando yake bila kubadili mwendo. Kulala pamoja si sharti. Wengi hawatalala pamoja kamwe na wanaishi vizuri. Paka wangu bado hupanda jiwe lake asubuhi, jua linapoanza kulipasha, na yule mbwa mweusi, ambaye sasa ana miaka mitatu, hulala chini ya kivuli chake. Kisahani kipo pale kwenye kizingiti cha dirisha kilipofika wiki ile, nami sijakishusha zaidi.